Chunusi Hupita, Mjukuu Wangu. Haraka Ndiyo Huacha Kovu

Mjukuu wangu, keti nikuambie. Neno hili nimewaambia vijana wengi, na leo nalileta kwako, kwa sababu naona unavyosimama mbele ya kioo kila asubuhi ukijikagua uso kwa hasira.

Neno lenyewe ni fupi: chunusi hupita, haraka ndiyo huacha kovu. Ukilishika hili, mengine yote nitakayokuambia utayapata kwa urahisi.

Nimetumikia utabibu tangu nywele zangu zingali nyeusi, na miaka mingi niliimaliza katika chumba cha magonjwa ya ngozi. Waliokuja kwangu na chunusi tupu walipona. Walioniumiza moyo ni wale waliokuja na yale waliyozitendea chunusi zao: waliozitumbua, waliozichoma kwa ndimu, waliozipaka mkorogo. Hao chunusi ziliwaondokea zamani, lakini uso haukurudi.

Sitaki uwe mmoja wao. Nakusihi, nisikilize.

Kwanza ujue kinachokupata, maana asiyejua ugonjwa wake hununua kila dawa. Ngozi yako ina vitundu vingi vya vinyweleo, na ndani ya kila kitundu mna tezi inayotoa mafuta ya kuilainisha. Ukibalehe, mvulana au msichana, homoni hupanda na tezi hizo hutoa mafuta mengi kuliko zamani. Seli zilizokufa hunatana na mafuta hayo, kitundu kikaziba. Vijidudu vinavyoishi siku zote juu ya ngozi huzaliana humo ndani, mwili unapambana navyo, na hapo ndipo unapoona uvimbe na usaha.

Basi tazama: mambo hayo yanatokea ndani. Fikiri mfereji wa bati ulioziba majani. Hata ukiusugua kwa nje mpaka ung'ae, maji hayatapita. Ndivyo ilivyo kwa uso unaosuguliwa kwa dodoki na sabuni kali asubuhi, mchana na jioni. Unaumiza juu, na tatizo liko chini.

Kwa hiyo mtu akikuambia una chunusi kwa sababu ni mchafu, usimwamini. Hata vile vidoa vyeusi vidogo puani si uchafu. Ni mafuta yaliyoziba kitundu kisha yakabadilika rangi kwa kupata hewa. Ujue hujatenda kosa lolote.

Na yule anayekunong'oneza kwamba chunusi zitakwisha ukilala na mwanamume, au ukimpata mwanamke, huyo anakutaka wewe, hakutakii dawa. Kulala na mtu hakutibu chunusi. Wasichana nimewaona wakirudi na chunusi zile zile na mimba juu yake. Nakuomba sana, neno hilo ulikatae na aliyelisema umkimbie.

Sasa nije kwenye mikono yako.

Mkono usiotulia ndio mama wa kovu. Kipele kinauma, kina kichwa cheupe, kidole kinawasha. Unakibana kwa kucha mbili. Usaha kidogo unatoka mbele, na wewe unafurahi. Usichokiona ni kwamba mwingine umesukumwa ndani, ukuta wa kitundu ukapasuka chini ya ngozi, na uvimbe ambao ungekwisha kwa siku chache sasa utakaa wiki kadhaa.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna jambo letu. Ngozi yetu ikiumia, hata kidogo, hutoa rangi nyingi mahali pale. Kipele kinaisha, doa jeusi linabaki miezi. Jua likilipiga kila siku, linazidi kukolea. Wengine ngozi zao huota makovu yaliyovimba, hasa kwenye taya, kifua na mabega, na makovu ya namna hiyo huwa magumu kuyapunguza hata kwa daktari. Ukiwa na ndugu mwenye makovu kama hayo, basi wewe jizuie mara mbili.

Usitumbue, mwanangu. Kikikuwasha, nawa mikono kisha itie kwenye kazi nyingine. Chunusi isiyoguswa mara nyingi huondoka yenyewe.

Halafu kuna haya ya jikoni. Ndimu, dawa ya meno, magadi, majivu, mkojo wa asubuhi. Yote nimeyaona yakiwa yamepakwa nyuso za watoto wa watu. Ndimu ni kali, tena ina kitu ambacho kikipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi. Mtu anapaka ndimu usiku, hanawi vizuri, anatoka kwenda shule juani, jioni shavu linawaka. Dawa ya meno imetengenezwa kwa meno. Usoni inakausha na kuchubua. Magadi yanaunguza. Kinachouma si lazima kitibu. Liandike neno hilo moyoni.

Sasa nisikilize kwa makini zaidi, maana nafika penye shimo.

Unapita sokoni, au rafiki anakuletea shuleni. Ni kopo dogo jeupe, halina lebo, au lina lebo iliyochapwa vibaya. Ndani mna krimu ya rangi ya siagi, inanukia manukato makali yaliyowekwa kufunika harufu nyingine. Muuzaji anasema amechanganya mwenyewe, kwa siku tatu tu uso utakuwa laini na chunusi kwisha. Huo ndio mkorogo.

Tena anasema kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa siku tatu uso unakuwa laini. Wekundu unashuka, vipele vinanywea, rangi inang'aa, marafiki wanakusifu. Kinachofanya hivyo mara nyingi ni stiroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, ambayo daktari huitoa kwa magonjwa maalumu na kwa muda maalumu. Haikuziba mlango wa chunusi. Imeuzuia mwili wako usipambane.

Ukipaka mwezi, miezi, ngozi inakonda. Mishipa myembamba ya damu inaanza kuonekana mashavuni. Nywele zinaota kidevuni mwa msichana. Michirizi inajitokeza. Fangasi anapata makao. Kisha vipele vipya vinatokea, vidogo vidogo vinavyofanana, vimejaa uso mzima, na hivyo vimeletwa na dawa yenyewe. Unaogopa, unaacha kupaka. Uso unawaka moto, unavimba, unauma hata ukiguswa na maji. Kwa kuogopa maumivu hayo, unarudi kwenye kopo. Sasa kopo linakumiliki.

Nilikutana na binti mmoja aliyekaa mbele yangu ameinamisha kichwa, mtandio ameushusha hadi machoni. Alipouinua niliona mashavu mekundu yenye ngozi nyembamba inayong'aa, na pembeni mwa macho giza. Alianza na vipele vitatu kipajini. Vipele vitatu! Ilimchukua muda mrefu kupata nafuu, na hata hivyo si yote yaliyorudi.

Na stiroidi si peke yake katika makopo hayo. Kuna haidrokwinoni. Mwaka 1975 huko Afrika Kusini madaktari walieleza kilichowapata waliopaka krimu kali za haidrokwinoni kwa muda mrefu: pale walipotafuta weupe palitoka weusi mzito wenye ubluu, ngozi ikakakamaa, na doa hilo ni gumu mno kuliondoa.

Kuna zebaki pia. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la British Medical Journal habari za wagonjwa 60 ambao figo zao zilikuwa zinavujisha protini mpaka miili ikavimba. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamepaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Unasikia, mjukuu wangu? Walipaka usoni, wakaugua figo. Ngozi inakunywa unachoipa.

Ndiyo maana Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Vimekatazwa, na bado vinauzwa kwa kujificha. Asiyejua kilichomo koponi asipake usoni.

Kwa hiyo soma. Kila kopo, kila tyubu, geuza nyuma usome maandishi yale madogo. Ukiona neno betamethasone, clobetasol, mometasone au fluocinonide, hiyo ni stiroidi. Haikupaswa kuwa usoni mwako bila daktari. Ukiona hydroquinone au mercury, weka chini. Ukiona hakuna maandishi kabisa, hicho ndicho kibaya kuliko vyote.

Na kama umeshaanza kupaka, usione haya, wala usiache ghafla ukajifungia ndani kuugua peke yako. Chukua kopo lenyewe, nenda nalo hospitali, waonyeshe. Watakuongoza namna ya kuacha. Anayeficha kopo huficha dawa yake.

Umenisikia nikikataza sana. Sasa nikuambie la kufanya, na utashangaa lilivyo jepesi.

Osha uso mara mbili kwa siku: asubuhi na usiku kabla ya kulala. Ukitoka jasho sana, michezoni au shambani, ongeza mara moja. Tumia maji ya kawaida au vuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato makali. Sabuni ya mche iache kwa nguo na sabuni ya magadi usiilete usoni. Ngozi ina uasidi kidogo unaoilinda, na sabuni hizo huuondoa. Sugua kwa ncha za vidole polepole, bila dodoki, bila jiwe, bila kitambaa kigumu. Suuza, kisha jikaushe kwa kugusagusa na taulo safi, usikwangue.

Ukishakauka, paka losheni nyepesi isiyo na mafuta mazito. Najua unaogopa kupaka chochote kwa kuwa uso wako una mafuta. Ngozi iliyokaushwa hadi inabana inawashwa na kuchubuka, na dawa yoyote utakayoitia baadaye itakuunguza. Lakini mafuta ya mgando, mafuta ya nazi na siagi ya shea yabakishe miguuni na mikononi kama uso wako ni wa chunusi.

Na nywele zako, ukiwa binti. Umesukwa vizuri, umepaka mafuta ya nywele mpaka kichwa kinang'aa. Jua likipiga, mafuta yale yanatiririka kipajini, na kila kipele chako kimejipanga pale pale kwenye mstari wa nywele. Madaktari wanazijua chunusi hizi za mafuta ya nywele tangu zamani. Paka kidogo, paka kwenye ngozi ya kichwa peke yake, na ukilala funga kitambaa safi. Foronya ifuliwe kila wiki.

Na ukiwa kijana wa bodaboda, helmeti usiivue kwa sababu ya chunusi, uhai kwanza. Lakini futa sehemu inayogusa paji na kidevu, ifue bitana yake, na ukifika nyumbani nawa uso. Na vile vipele vinavyokutoka shingoni na kidevuni baada ya kunyoa, vingi si chunusi. Ni nywele zilizojipinda zikarudi ndani. Nyoa kwa kufuata zinakoota, usinyoe kwa kukwangua sana, wembe wako uwe wako peke yako.

Chakula nacho kina neno. Wengi wanalaumu karanga na mafuta ya chipsi. Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwenye sukari na vyakula vinavyoipandisha haraka damuni: soda, juisi za pakiti, keki, biskuti, mkate mweupe kila saa. Baadhi ya watu maziwa nayo huwachochea. Ukiona hivyo, yapunguze ujionee. Rudi kwenye vile tulivyokulia: maharage, kunde, mchicha, samaki, matunda, ugali wa dona. Kunywa maji ukisikia kiu. Chakula hicho peke yake hakitaondoa chunusi zote, lakini hakitazipalilia.

Lala, mjukuu wangu. Simu iweke chini usiku ukiingia. Kukesha na msongo wa mawazo huzichochea chunusi, na asubuhi ukiziona unapata msongo mwingine. Anayekesha na kioo huamka na kipele.

Ikiwa umefanya hayo na bado zipo, dawa zipo. Nenda duka la dawa linalotambulika, umuulize mfamasia jeli ya benzoili peroksaidi, asilimia 2.5 au 5. Usikimbilie ya asilimia 10. Haizidi sana kutibu, inazidi kuunguza. Anza kwa kupaka kidogo, usiku mmoja upake, mmoja upumzike, uzoee. Ipake eneo zima linalotoka chunusi, maana inazuia hata zile ambazo hazijatokeza. Tahadhari na taulo na shuka zako. Jeli hiyo huchujusha rangi ya vitambaa. Iko pia adapaleni, inayosaidia vitundu visizibe. Hiyo mama mjamzito haimfai, na anayeipaka ajikinge na jua.

Hapa ndipo wengi mnapoanguka, basi nakushika mkono nikuambie polepole. Dawa ya kweli haifanyi kazi kwa siku tatu. Chunusi unayoiona leo ilianza kuziba wiki nyingi zilizopita, ndani, bila wewe kujua. Dawa unayopaka leo inazuia zile za mwezi ujao. Ipe wiki 8 hadi 12 kabla hujasema imeshindwa. Usibadilishe kila Ijumaa, usichanganye tatu kwa pamoja. Nakusihi, subiri. Nakusihi tena, subiri. Waliopona niliowaona, wengi hawakuwa na dawa ya ajabu. Walikuwa na subira.

Vidonge usijinunulie. Antibiotiki za chunusi zina muda wake, na huenda pamoja na dawa ya kupaka; ukizimeza ovyo vijidudu huzizoea. Na isotretinoini, dawa yenye nguvu kuliko zote za chunusi, humwumiza vibaya mtoto aliye tumboni. Hiyo haitolewi ila kwa daktari anayekufuatilia. Rafiki akikupa kidonge mkononi, mrudishie.

Mwone daktari mapema ikiwa chunusi ni kubwa, ngumu na zinauma ndani, zimeenea kifuani na mgongoni, au zimeanza kuacha mashimo. Msichana ambaye hedhi zake zinapotea potea na nywele zinaota kidevuni, aende pia, maana huenda homoni zinahitaji kuangaliwa. Wataalamu tunao. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kipo kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na waliosomea hapo wametawanyika katika hospitali za nchi nyingi za Afrika. Anza na zahanati ya karibu, waombe wakuelekeze kwa anayejua ngozi.

Na ikiwa chunusi zimekufanya usitoke nyumbani, usiende shule, usile na wenzako, au unawaza kwamba maisha hayana maana, hilo nalo ni ugonjwa, liseme. Mwambie mama, mwambie mwalimu, niambie mimi. Hakuna anayestahili kuona haya kwa kitu kinachowapata vijana wengi kuliko wasiokipata. Wanaokucheka leo, wengi wao watatokewa nazo kesho.

Mjukuu wangu, rangi uliyozaliwa nayo haikuwa na kosa. Usimruhusu muuzaji wa kopo akuaminishe kwamba unahitaji ngozi nyingine. Ngozi hii utakaa nayo mpaka uzeeni, na mimi nataka uzeeke nayo ikiwa nzima.

Basi usiku wa leo fanya haya. Toa kila kitu unachopaka usoni, usome kimoja kimoja. Kisicho na lebo, na chenye yale majina niliyokutajia, kipeleke kesho kwa mganga wa hospitali akuongoze namna ya kukiacha. Nawa uso kwa upole, paka losheni yako nyepesi, ulale mapema. Kesho rudia. Keshokutwa rudia. Mikono yako ikikutuma kutumbua, ikumbushe kwamba babu amekataza. Na ukishindwa, usiende sokoni kutafuta njia ya mkato. Njoo kwetu wazee, au nenda hospitali, uambiwe ukweli.